Mmea wa jani kama kwato unaotambaa bondeni: unalika mbichi?

Bonde_la_Mpunga: Wakuu, kingo za mfereji wa majaruba zimejaa mmea unaotambaa. Kila kifundo kikigusa tope kinatoa mizizi. Jirani anasema ni gotu kola, eti Sri Lanka wanaila mbichi. Nahakikishaje?

Mzizi_Mkavu: Angalia kikonyo kinaposhikia jani. Gotu kola (Centella asiatica) ina mkato unaoingia hadi kwenye kikonyo. Warwanda huiita gutwikumwe, yaani sikio moja. Ukingo una meno butu, na vijiua vyekundu hafifu, vitatu au vinne pamoja, hujificha karibu na udongo. Kikonyo kikishika katikati ya jani kama mpini wa mwavuli, huo ni mmea mwingine.

Tuta_la_Mboga: Je, ng'ombe hunywa hapo? Kama ndiyo, mbichi usile. Mayai ya minyoo ya ini hutoka na kinyesi, vijidudu hukulia ndani ya konokono, kisha hujigandisha kwenye majani ya majini. Kuosha kwa chumvi au siki hakuviondoi vyote. Kuchemsha ndiko kunakoviua.

Ya kula mbichi panda mwenyewe. Kata vipande vyenye vifundo 2 au 3 vilivyoota mizizi, panda kila sentimita 15 kwenye samadi iliyooza vizuri, nusu kivuli, umwagilie maji ya bomba. Jua kali na ukavu huleta majani madogo, magumu, machungu. Vuna majani na vikonyo, shina linalotambaa liache.

Mbuzi_ya_Nazi: Sambol yake (kachumbari ya nazi ya Sri Lanka): majani vikombe 2 yaliyokatwa nyembamba, nazi iliyokunwa kikombe nusu, vitunguu vidogo 3, pilipili mbichi 1, chumvi, ndimu nusu. Chicha iliyokwisha kukamuliwa haifai, maana mafuta ya nazi ndiyo yanayotuliza uchungu. Chumvi na ndimu mwisho kabisa, la sivyo bakuli linajaa maji.

Mzizi_Mkavu: Na kidonda kibichi msikibandike majani ya bondeni, tope lina vijidudu vya pepopunda. Dawa za makovu za dukani hutumia kiini cha mmea huu kilichosafishwa. Vidonge vyake navyo si vya kumeza miezi na miezi, vimewahi kuhusishwa na madhara ya ini. Mjamzito aviache.

Bonde_la_Mpunga: Ng'ombe wapo, tena wengi. Basi nachukua vipando tu.

Tuta_la_Mboga: Sawa, ila ng'oa majani yote ya zamani kabla ya kupanda, na yale yasitupwe kwenye tuta. Utakula yatakayochipua hapo.