Mlioshindana insha za fasihi, tupeane uzoefu

Baba Zuhura, Malindi
Assalam aleikum jamaa. Mwanangu wa kidato cha tatu amekuja na karatasi ya mashindano ya insha: maneno 1500, mada ni nyumba katika ushairi wa kale wa Waswahili. Nimemwona barazani, kalamu iko mdomoni, yangu yakanirudi. Mimi niliandika juu ya Al-Inkishafi, nikatia mshororo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu majumba ya Pate yaliyogeuka magofu: Nyumba zao mbake ziwele tame, yaani zimekuwa mahame. Karatasi iliporudi, "ziwele" imezungushiwa wino mwekundu, "tame" imekatwa, na juu yake pameandikwa "tamu?" Majumba ya watu yameanguka, popo wananing'inia, msahihishaji yuwaniambia matamu! Nikapata 11 kwa 30. Semeni na nyinyi.

Langoni77
Tamu 😂😂 Mimi "muyi" yangu iligeuzwa "mji" mara tisa, kila moja nusu alama.

Maalim Mstaafu
Baba Zuhura, nukuu yako uliitia alama za kunukuu?

Baba Zuhura, Malindi
Sikutia.

Maalim Mstaafu
Basi.

Langoni77
Basi nini, maalim? Asiyeujua mshororo ule asisahihishe fasihi.

Maalim Mstaafu
Mwanangu, ukiwa na rundo la insha themanini na stima imekatika, lisilo na alama ni neno la mwanafunzi.

Mtoto wa Siyu
Yenu angalau ilifika kwenye wino mwekundu. Yangu ilitakiwa Amu kabla ya saa tisa, Alhamisi. Nilinakili usiku kucha, kurasa saba, nikazitia kwenye mfuko wa maziwa niliouosha, mfuko ndani ya daftari. Alfajiri nahodha akatukawiza akimngoja mtu na mbuzi wake wawili. Mnaoujua Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, mnajua: maji yakitoka, mmekwisha. Na siku zile bamvua. Tulipoingia, boti ikakaa juu ya mchanga kama kuku anayeatamia. Tukashuka kusukuma, matope magotini, daftari nimeliweka kichwani chini ya kofia. Wapi! Mama mmoja akafungua mikate ya mofa, tukala. Kwa kukosa la kufanya nikamsomea insha mzee aliyekaa karibu nami. Ilikuwa juu ya Fumo Liyongo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapo alipodungwa sindano ya kitovu umepaharakisha. Mwanawe ndiye aliyemdunga, na wewe wapita mbio kama umeona nyoka." Nikatoa kalamu nikapapanua palepale, daftari juu ya paja. Tulielea baada ya saa nane, injini nayo ikasumbua. Tunatia gati, alasiri ishaadhiniwa, ofisi ina kufuli. Insha ninayo mpaka leo. Ukurasa wa tano una alama ya kidole cha tope.

Kofia ya Vito
Mkanda haumhurumii mtu.

Bi Nargisi
Mada ikiwa nyumba, binti aende kwenye utendi wa Mwana Kupona, 1858. Ndiye aliyemfundisha bintiye kuiweka nyumba.

Dada wa Mokowe
Na kumpepea mume akilala. Shangazi, tumwachie Zuhura apumue.

Bi Nargisi
Wewe umezisoma beti zote, au umesimuliwa? Mwanamke yuko kitandani mgonjwa, ajali yake yuaiona, anamwita mwanawe: Negema wangu binti. Anampa alichonacho. Ulitaka aandike ilani ya chama? Na mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, aliyempiga vita Sultani wa Zanzibar, si mtu wa kupepewa bure.

Dada wa Mokowe
Kupiga vita ndiko kunakompa mtu haki ya kupepewa? Haya.

Mshindi wa Jana
Kwa kuwa leo twasema kweli, nami niseme. Mimi nilishinda. Wa kwanza, kamusi na mkoba. Insha haikuwa yangu. Aliiandika binti amu yangu kwa penseli, babake hakutaka jina la mwanawe lisomwe ukumbini, basi nikainakili kwa hati yangu. Siku ya zawadi jaji akaniuliza mbele ya watu, "Kijana, ubeti wa utendi una vipande vingapi?" Nikajibu, "Sita." Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, mtu akacheka. Kicheko kile nakijua. Tumelelewa pamoja.

Langoni77
Vinne!!! Hata mbuzi wa Mkanda wajua ni vinne.

Dada wa Mokowe
Nawe ukaichukua kamusi?

Mshindi wa Jana
Nikaichukua.

Kofia ya Vito
Haki ya mtu hailiwi, ndugu yangu. Mrudishie. Mkoba pia.

Bi Nargisi
Mwacheni, alikuwa mtoto. Wa kulaumiwa ni yule baba.

Dada wa Mokowe
Leo tumekubaliana, shangazi.

Mtoto wa Siyu
Mimi nimeshinda kutwa juu ya mchanga na nimeitikiwa na mtu mmoja.

Langoni77
Pole, Siyu. Mbuzi walifika salama?

Mtoto wa Siyu
Walifika. Mmoja akala karatasi za mwenye boti.

Kofia ya Vito
Baba Zuhura, mtoto aanze na maana ya fasihi kutoka kwenye kamusi. Majaji hupenda.

Maalim Mstaafu
Akianza na kamusi mimi namnyima alama kabla sijageuza ukurasa. Aanze na nyumba moja. Mlango, daka, ukuta wenye vidaka, chombo kilichokaa ndani ya kidaka. Kisha ndipo amlete Sayyid Abdalla.

Bi Nargisi
Na kabla ya kupeleka amsomee mtu mzima kwa sauti. Si baba. Baba atasifu tu.

Mshindi wa Jana
Nimempigia sasa hivi. Tangu aolewe tulikuwa twapeana salamu za Idi tu. Nikamwambia nataka kumrudishia kamusi, nimeitafuta sijaiona. Amecheka kile kicheko. Kamusi anayo yeye, aliipitia kabatini mwangu wiki ileile ya zawadi. Miaka yote hii mimi nadhani imeliwa na mchwa.

Dada wa Mokowe
😂😂😂 Mpe simu yake Zuhura!

Baba Zuhura, Malindi
Zuhura amesoma yote begani mwangu. Ana swali moja tu: kwenye yale maneno 1500, nukuu zahesabiwa?

Maalim Mstaafu
Zahesabiwa. Zikiwa na alama.