Mjadala: Mfululizo wa pai ni wa Leibniz au wa Madhava wa Kerala?

Wakuu, habari za leo. Hoja hii nimeipata kwa George Gheverghese Joseph, mwandishi wa historia ya hisabati. Alizaliwa Kerala, kusini mwa India, na alipokuwa na miaka tisa familia yake ikahamia Mombasa. Alisoma Leicester, Uingereza, akafanya kazi ya ofisa elimu Kenya kwa miaka sita, kisha akaenda Manchester, huko huko Uingereza. Mwaka 1991 alitoa kitabu cha kupinga dai kwamba hisabati ilizaliwa Ulaya peke yake.

Vitabu vingi vinasema mfululizo 1 − 1/3 + 1/5 − 1/7 na kuendelea hivyo bila mwisho, unaotupa robo ya pai, ni wa Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, miaka ya 1670. Lakini Jyesthadeva, mwanahisabati wa Kerala, aliandika uthibitisho wa mfululizo huo kwa Kimalayalam, lugha ya huko, mnamo 1530 hivi, na wasomi wa Kerala waliuhesabu kuwa wa Madhava, mwanahisabati wa huko aliyefariki yapata 1425. Mwingereza Charles Whish aliyatangaza haya tangu miaka ya 1830! Mimi nasema jina libadilishwe. Mnaonaje?

— Mkuu, nafundisha hesabu na nakupinga. Maandishi ya Madhava mwenyewe kuhusu mfululizo huo hayapo, tunamsikia kwa waliomfuata. Na Joseph huyo huyo anaona huenda mapadri Wajesuti (wa shirika la Kikatoliki) walipeleka elimu hiyo Ulaya, ila hati ya kuthibitisha haijapatikana. Leibniz naye alitoka jasho lake.

— Mwalimu, sijasema Leibniz aliiba. Shika kalamu tu. Kokotoa namba nne za mwanzo, zidisha jibu kwa 4: unapata 2.895, mbali sana na pai, ambayo ni 3.1416 hivi. Watu wa Kerala waliliona hilo wakatunga sahihisho. Kwa namba nne, sahihisho ni 4/65. Liongeze kabla ya kuzidisha, unafika 3.1414. Mtu wa kubahatisha hafiki hapo! Aliyelitunga alikuwa anajua kosa la jibu ni kubwa kiasi gani.

— Naunga mkono. Wapo wataalamu wanaouita tayari mfululizo wa Madhava na Leibniz. Kwa nini mwanafunzi asikie jina moja?

— Hilo la 4/65 nimelikokotoa hapa, limetoka kweli, na kesho naliingiza darasani. Majina mawili nakubali, Madhava atangulie. Kuwaambia watoto kwamba Leibniz aliupokea kutoka India, hapana, mpaka hati ionekane.