Mikutano ya teknolojia ikija Malindi, ije kwa masharti gani?

Mleta mada:

Kuna kauli imepata nguvu hapa mjini, barazani na hata kwa wafanyabiashara: Malindi nayo ipiganie mikutano mikubwa ya teknolojia. Diani imeshapokea mara kadhaa mkutano wa Connected wa Mamlaka ya ICT. Kigali ilijipatia Mobile World Congress ya Afrika kuanzia 2022. Wanaotetea wanasema hoteli zetu hukaa tupu masika yakiingia, na mgeni wa mkutano hachagui jua. Mimi siipingi mikutano. Ninachopinga ni kuipokea bila kudai chochote, na naweka hoja yangu hapa, anayeona vingine aseme.

Nendeni jioni pale samaki wanapoteremshwa, mumtazame mama karanga mmoja, mchuuzi wa samaki, na simu yake. Data imezimwa. Anapiga picha ya nguru, anawasha data, anaituma kwa mpishi wa hoteli na wateja wake wa Maweni, anasubiri tiki mbili, anazima. Bando lake ni la saa moja. Akisahau kuzima, programu zilizomo zinajisasisha zenyewe na kulila lote kabla samaki hajapata mnunuzi. Simu yenyewe ni ya mkopo wa kulipa kila siku. Siku mbaya asipolipa inajifunga, na wateja wake wote wamefungiwa humo ndani. Wengi wetu Pwani ndivyo tunavyotumia intaneti, kwa dakika zilizohesabiwa.

Sasa tazama ukumbi wa mkutano. Waandalizi hujiletea laini yao ya kasi, kila kitu jukwaani kinafunguka papo hapo, watu wanapiga makofi. Siku ya mwisho laini inang'olewa na mafundi wanarudi Nairobi. Ukishika njia ya ndani kuelekea Marafa kuna mahali ile herufi juu ya skrini inageuka E, yaani mtandao wa zamani unaojikokota, na hapo ndipo mzee anatakiwa afungue eCitizen, kwa sababu tangu 2023 serikali imehamishia huko maelfu ya huduma zake.

Kwa hivyo sharti langu kubwa ni hili: kila programu itakayoonyeshwa kwenye mkutano Malindi ionyeshwe kwa bando la kawaida, kwenye simu ya bei ya chini, mbele ya watu. Ikikwama, mwenyewe aione inavyokwama. Na laini itakayovutwa hotelini isalie, ipelekwe shule au banda la wavuvi lililo karibu.

Nasema hivi nikiikumbuka Ngomeni. Vijana wengi hawajui kwamba 1967 Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini pale, na kwamba tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Roketi ziliendelea kuondoka hapo hadi 1988. Teknolojia ya hali ya juu kabisa duniani ilikuwa jirani yetu miaka ishirini na zaidi, na Ngomeni ikabaki na nyavu na chumvi yake. Hatukuweka masharti wakati ule. Tuyaweke safari hii.

Mhudumu wa hoteli, Casuarina:

Mleta mada, nakuheshimu, lakini masharti huweka mwenye nguvu. Mimi nalipwa kwa siku ninazoitwa, na Mei siitwi. Mkutano mmoja wa siku tatu ni wapishi, wafua nguo, madereva wa tuktuk, kinamama wa mboga, vijana wanaotembeza wageni magofu ya Gede. Pesa hiyo inaingia mkononi jioni ile ile. Diani hawakumwambia mtu alete simu ya bei rahisi. Tukiwasumbua waandalizi watateremka zao huko huko kusini, na hoteli zilizofungwa hapa zitazidi kumea nyasi. Kwanza waje, mazungumzo ya laini yafuate.

Kijana mtengeneza programu, Muyeye:

Sharti la bando linamwadhibu asiyehusika. Programu yangu ikikwama jukwaani, watu watasema mimi sijui kazi, kumbe mnara umezidiwa. Halafu bei ya data siipangi mimi. Ushuru wa bidhaa kwenye data ulikuwa asilimia 15 mwaka 2018, ukapandishwa hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023, na VAT ya asilimia 16 iko pale pale. Waliopandisha na kushusha ni wabunge. Mikutano hii ndiyo nafasi pekee mtu kama mimi anaweza kukutana na mwenye mtaji bila kupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Msiniharibie.

Mwalimu, kisiwa cha Pate:

Nyinyi wa Malindi mnateta kuhusu bei. Sisi huku Faza na Kizingitini mnara ukizima, hata mwenye pesa hana cha kununua, tunangoja fundi aletwe na boti. Kampuni za mawasiliano hutozwa asilimia 0.5 ya mapato yao kwa mwaka kwa ajili ya Mfuko wa Huduma kwa Wote, ulio chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kazi ya mfuko huo ni kufikisha mtandao mahali ambapo biashara peke yake haifiki. Mkikubali mkutano, wenye mfuko waitwe wakae mbele, waulizwe kisiwa kwa kisiwa. Kwa Kiswahili.

Mleta mada:

Mwalimu, hilo nalichukua lilivyo, na naliweka mbele ya langu la laini.

Bi wa Casuarina, njaa ya Mei naijua, na ndiyo maana nimechagua sharti lisilomgharimu mwandalizi hata shilingi. Kuonyesha kitu kwa bando ni rahisi kuliko kuvuta laini. Mwandalizi atakayekimbia Malindi kwa sababu ameombwa atumie mtandao tunaotumia sisi, huyo alikuja kutafuta bahari tu, na bahari iko kila mahali. Ila usemayo kuhusu pesa ya jioni ile ile ni kweli, na sitaki sharti lolote linalokaa miezi kwenye karatasi wakati nyinyi mnangoja kuitwa.

Kijana wa Muyeye, kuhusu ushuru tuko pamoja, na wabunge waalikwe. Lakini mnara ukizidiwa mbele ya wenye mtaji na wenye kampuni, si wewe utakayeaibika peke yako. Atakayeulizwa ni mwenye mnara, akiwa ameketi pale pale. Kwa kawaida humpati, unapata namba ya huduma kwa wateja. Na programu iliyoandikwa kwa uangalifu hutuma kidogo, hungoja mtandao urudi, haipotezi kilichokwisha kuandikwa. Mama karanga atailipia hiyo. Nyaya za baharini zinatua Mombasa tangu 2009, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka hapa, kwa hiyo tusiambiwe tatizo ni umbali.

Kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti kikiitishwa nitakwenda na hoja hizi kwa maandishi. Walio Gongoni, Marafa, Adu, Ngomeni na visiwani Lamu, andikeni hapa mahali hasa mtandao unapokatika na saa unapokatika. Msiandike "huku hakuna mtandao." Taja shule, zahanati, njia panda.