Mjomba wangu kachoka kuchezeshwa mganga kila filamu. Atokaje? Naombeni ushauri

Mpwa wa Msanii
Habari zenu wakuu. Naandika kwa niaba ya mjomba wangu, ni mwigizaji, umri umesogea. Tangu michezo ya kuigiza ya ITV, zikaja kanda, zikaja DVD, na sasa tamthilia za kwenye visimbuzi, anaitwa kwa kazi moja tu: mganga. Tena mganga mbaya. Kaniki, tunguli, kicheko. Skripti ikifika nyumbani anafungua ukurasa wa mwisho kuangalia kama safari hii anakufa kwa radi au anakamatwa.

Sasa kuna dairekta kijana anataka amchezeshe mwalimu mstaafu anayelea wajukuu. Hakuna jini hata mmoja. Mzee anaitaka mno, ila anaogopa watazamaji hawatamwamini, na wale waliozoea kumlipa kama mganga watanuna. Afanyeje?

Kibanda Umiza
Wazee wa Bombay walishalijibu hili. Pran, mwigizaji wa filamu za Kihindi, alikuwa adui tangu miaka ya 1940, akaogopwa hadi inasimuliwa wazazi walikwepa kuwapa watoto jina lake. Mwaka 1967 dairekta Manoj Kumar akampa nafasi ya Malang Chacha kwenye filamu ya Upkar: mtu wa magongo, ana maneno makali lakini moyo safi. Watu wakamlilia. Sasa angalia hapa: mwaka huohuo 1967 yumo pia Ram Aur Shyam, anamtandika steringi Dilip Kumar mijeledi kama kawaida yake. Hakuitisha waandishi wa habari kutangaza kwamba ameacha uadui. Aliendelea kula kwenye uadui huku wema ukizoeleka taratibu, na 1973 akawa Sher Khan wa Zanjeer, rafiki wa steringi.

Na Amrish Puri, adui mwingine wa Bombay? Kuhani mbaya Mola Ram kwenye Indiana Jones 1984, adui Mogambo kwenye Mr. India 1987, halafu 1995 baba wa msichana kwenye Dilwale Dulhania Le Jayenge. Macho yaleyale, sauti ileile nzito. Pale stesheni anapomwachia binti mkono, unashtuka kwa sababu saa tatu hivi umekuwa ukimwogopa. Angekuja mpole tangu mwanzo, ule mkono usingekuwa na maana. Mwambie mjomba hofu ndiyo mtaji wake. Mwalimu aliyewahi kuogopwa na shule nzima halafu anashindwa kumsuka mjukuu nywele, huyo namlipia kiingilio.

Shangazi Msema Kweli
Mimi nasema aache tu, na amechelewa. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni. Ninyi kila filamu mzee mwenye mvi ndiye mchawi. Mtoto anayekua akiangalia hivyo atamtazamaje bibi yake? Fedha zipo kwenye kazi nyingine pia.

Mama Ntilie wa Seti
Shikamoo shangazi. Lakini steringi naye anaua watu arobaini kwa bastola moja, mbona huyo humsemi?

Lenzi 50
Nijibu upande wa kamera, maana uganga mwingi wa waganga wetu hauko usoni kwa mwigizaji. Uko kwenye taa. Mganga huwekewa taa chini, karibu na chungu, kivuli cha pua kinapanda juu na vivuli vyote vya uso vinageuka. Lenzi inawekwa chini ya kidevu ili aonekane mrefu, tena lenzi pana kwa karibu, pua inavimba. Hapo hata padri angetisha.

Kwa mwalimu, ombeni lenzi iwe usawa wa macho, taa kuu itoke juu kidogo na upande mmoja, na kwa sura ya karibu watumie lenzi ya milimita 50 au 85, kamera ikae mbali kidogo.

Upande wa mzee mwenyewe kuna mazoea mawili ya kuvunja. La kwanza ni kuinamisha kidevu na kutazama watu kutokea chini ya nyusi. Ndiyo tishio lenyewe hilo, na mtu aliyelifanya miaka mingi halijui tena. Kidevu kiwe sawa na sakafu, apepese macho kama binadamu. La pili ni sauti ya jukwaani. Kipaza sauti kikiwa kifuani hakuna haja ya kumfikishia aliyekaa nyuma ya ukumbi.

Kosa linalowaangusha maadui wengi wakipewa wema ni kulia sana ili kuthibitisha. Akirekodi majaribio ya kumtumia dairekta, achague sini ambayo mikono ina kazi: anashona begi la shule, anachambua mchele. Simu ilale, ikae usawa wa macho, ukuta mtupu nyuma, dirisha liwe mbele yake na si mgongoni. Anayemsomea mistari mingine akae ubavuni mwa simu. Zima pangaboi, sauti ndiyo inayoharibu majaribio mengi. Dakika mbili zinatosha.

Karani Mstaafu
Mleta mada, swali dogo. Mganga huyo yupo kwenye tamthilia inayoendelea? Ana mkataba?

Mpwa wa Msanii
Asanteni sana, hasa Lenzi 50 na Kibanda. Mkataba si tatizo kubwa kwa sasa. Nilitaka zaidi upande wa watazamaji.

Karani Mstaafu
Sijauliza kama ni tatizo. Nimeuliza kama upo.

Mpwa wa Msanii
Upo. Msimu wa pili, kasaini, advansi ya nusu ilishaingia. Ila tarehe hazigongani, filamu inaisha wiki mbili kabla ya tamthilia kuanza. Ndiyo maana sikuona haja ya kuileta hapa.

Gundi na Poda
Huyu mganga ana ndevu?

Mama Ntilie wa Seti
Mganga gani hana ndevu.

Gundi na Poda
Sikukuuliza wewe. Mleta mada?

Mpwa wa Msanii
Alikuwa nazo.

Gundi na Poda
"Alikuwa."

Mpwa wa Msanii
Sikilizeni kwanza. Dairekta wa filamu alitaka uso safi. Mzee mwenyewe alishachoka, akipanda daladala siti ya pembeni yake inabaki tupu. Nilimpeleka saluni, tukanyoa zote. Na kusema kweli kapendeza, amepungua miaka kumi. Mtu ana haki na uso wake! Sioni kwa nini kampuni imiliki ndevu za mtu. Tamthilia inaanza baada ya wiki sita, zitakuwa zimeota.

Gundi na Poda
Hazitaota. Ndevu zinakua takriban sentimita moja kwa mwezi. Wiki sita ni sentimita moja na nusu, huyo ni mzee aliyesahau kunyoa. Kama zilikuwa zinafika kifuani unazungumzia zaidi ya mwaka.

Kinachobaki ni ndevu za kubandika, tena za neti iliyofungwa nywele moja moja kwa mkono. Zile za dukani za sherehe kwenye kamera za siku hizi zinaonekana ukingo mzima. Peleka picha za msimu wa kwanza, mbele na pande zote mbili, ili mvi zikae palepale zilipokuwa. Siku ya kazi anyoe asubuhi hiyohiyo, maana vishina vinainua neti. Ngozi isafishwe kwa spiriti, mafuta yasiwepo. Gundi ipakwe nyembamba, isubiriwe ianze kunata, ndipo neti ibandikwe kuanzia kidevuni kwenda juu. Kwa joto la Dar pembe za mdomo ndizo zinazoachia kwanza, kwa jasho na kwa kuongea. Mganga anayecheka kila sini atawatesa, kila baada ya sini chache lazima mtu azikague. Jioni zitolewe kwa dawa yake, msivute, mtang'oa ngozi. Neti ioshwe usiku huohuo, gundi ikikaukia ukingo unakuwa mgumu na kesho haulali.

Zile mlizonyoa mmezitupa?

Mpwa wa Msanii
Zilibaki saluni.

Mama Ntilie wa Seti
Ndevu za mganga mmeziacha saluni? Kinyozi huyo bado ana wateja?

Karani Mstaafu
Turudi kwenye karatasi. Tafuta kipengele kinachosema msanii hatabadili mwonekano bila idhini ya maandishi. Mikataba mingi ya tamthilia inacho, kwa sababu sini za siku moja zinarekodiwa kutoka vipindi tofauti. Kama kipo, mjomba amekivunja tayari, tarehe zigongane zisigongane. Kikitaja fidia ya kiasi fulani, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyevunjiwa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Si lazima alipwe chote. Kwa hiyo usiogope tarakimu, lakini usikae kimya pia. Kimya kinamwongezea mwenzako hasara, na hasara ndiyo atakayoidai.

Barua ukurasa mmoja, leo. Eleza kilichotokea, lini, na mnapendekeza nini. Usiandike kuhusu haki ya mtu na uso wake.

Mpelelezi wa Nyuzi
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Mleta mada kajiunga wiki hii, ana uzi mmoja. Kwanza hakuna mkataba, halafu upo, halafu ndevu, halafu daladala. Kila akibanwa anatoa kipande kipya kama mtu anayeandika huku tunasoma. Msanii wa tamthilia inayorushwa ananyoa ndevu zote na hakuna hata picha moja iliyovuja mtandaoni? Hili ni tangazo la filamu. Kesho mtaona bango: "Mwalimu".

Kibanda Umiza
Hata mimi nilianza kujiuliza. Lakini atakuwa nani? Wa tamthilia ile ya saa tatu usiku?

Mama Ntilie wa Seti
Yule hana ndevu zake, ni za gundi tangu msimu wa kwanza.

Gundi na Poda
Na ile kazi si mbaya.

Shangazi Msema Kweli
Acheni kutaja wazee wa watu. Kama ni chai mleta mada atajibu kwa Mungu.

Mpwa wa Msanii
Si chai wala si tangazo. Picha sitaweka, prodyuza hajajua. Ndiyo maana nilianza kwa kuzunguka, samahanini.

Mpelelezi wa Nyuzi
Mtunzi mzuri angesema hivyohivyo.

Lenzi 50
Chai au si chai, kuna njia ambayo hamjaitaja. Msimu wa kwanza uliishaje? Umesema mganga huwa anakufa au anakamatwa.

Mpwa wa Msanii
Alikamatwa. Wanakijiji walimfunga kamba, polisi wakaja.

Lenzi 50
Basi gerezani amenyolewa. Waandishi wanahitaji sini mbili tu: moja ya mkasi na ndevu zikianguka sakafuni, ambayo mnatumia mgongo na mikono ya mtu mwingine, na moja ya siku anatoka getini, uso mtupu, kijiji hakimtambui. Ndevu za gundi zitahitajika kwa kumbukumbu za nyuma pekee, siku moja au mbili za kazi badala ya msimu mzima. Na mganga asiye na ndevu ambaye watu wanampita bila kumjua anatisha kuliko yule wa tunguli.

Kibanda Umiza
Hapo mzee anapata milango miwili kama Pran. Mwaka mmoja, nyuso mbili.

Karani Mstaafu
Wazo zuri, lakini liwahi kabla skripti hazijafungwa. Wakishapanga ratiba ya kurekodi, kubadili vipindi viwili vya mwanzo kunavuta vyote vinavyofuata.

Mpwa wa Msanii
Barua nimeandika. Prodyuza anapiga sasa hivi, nadhani mtu wa saluni kaongea. Nipokee au nimpe mjomba?

Karani Mstaafu
Aliyesaini ni mjomba, apokee yeye, wewe kaa pembeni na kalamu. Aanze na ndevu, asianze na filamu. Habari ya gereza asiitaje mpaka prodyuza mwenyewe aulize sasa tunafanyaje.