Kamera ya mtumba, nianzie wapi?

Wenzangu wa Mombasa, nshanunua kamera ya DSLR (ile kubwa ya kubadilisha lenzi) ya mtumba na lenzi ya milimita 18-55, nataka kupiga picha kwa dhati, lakini Mji wa Kale saa sita mchana ukuta watoka mweupe pe na nakshi za mlango hazionekani, shida kamera ama mimi?

— Kaka, kamera haina neno, ni jua hilo. Nenda saa kumi na mbili unusu asubuhi, piga RAW (faili ghafi ya kamera, bado haijabanwa), ekspoja, yaani mwanga unaoingia, ishushe kidogo, vivuli utaving'arisha baadaye kwa kompyuta. Na watu waombe ruhusa kwanza, hasa kina mama.

— Ukitoka ufuoni kamera ipanguse chumvi kisha iweke kwa kibweta na vile vipakti vya silika vya kunyonya unyevu, lenzi yangu iliota ukungu ndani, iliniuma sana.

— Shukran, kesho alfajiri niko Fort Jesus.