Msaada: kichupa cha kuhakiki kimetoa nusu ya cheti. Nidai maabara warudie?

Binti_Sigi: Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, namalizia utafiti wa shahada ya uzamili. Nilichota mashapo kwenye mikoko kuanzia mdomo wa Mto Sigi hadi Mwambani, vituo 22. Lile tope linavyonata, kiatu changu kimoja mpaka leo kiko hukohuko. Nikakausha, nikatwanga, nikapeleka maabara pamoja na kichupa cha MESS-3, yale mashapo ya bahari kutoka Kanada ambayo kiasi cha kila madini kinajulikana, ili nione kama wanapima sawasawa.

Majibu ya kichupa ndiyo yananinyima usingizi. Risasi 19.8, cheti 21.1. Zinki 147, cheti 159. Shaba 32, cheti 33.9. Zote ni miligramu kwa kilo, hapo sina neno. Sasa kromiamu: 48, na cheti kinasema 105! Alumini asilimia 2.1, cheti 8.59. Nimelipa kwa hela ya kukopa jamani. Nidai warudie?

Nyundo_Kali: Dai hela yako. Wamebahatisha hao.

Mzee_wa_Miamba: Nyundo, punguza jazba. Mtu anayebahatisha hapati risasi, zinki na shaba zote ndani ya asilimia 8 ya cheti. Binti, walitumia tindikali gani?

Binti_Sigi: Shikamoo mzee. Ripoti inasema haidrokloriki sehemu tatu, naitriki moja, saa mbili kwenye joto.

Mzee_wa_Miamba: Marahaba mwanangu. Basi hawajakosea. Mchanganyiko huo unayeyusha hata dhahabu, lakini punje za silika unaziacha zimekaa chini ya chupa kama makapi ya chai. Risasi na zinki nyingi hushikilia nje ya punje, ndiyo maana zimetoka. Alumini imejengwa ndani ya udongo wenyewe, na kromiamu hupenda kujificha kwenye kromaiti, jiwe gumu kweli. Cheti chako kinataja kiasi chote kilichomo. Maabara imekupa kile kilichokubali kutoka.

Usiniamini kwa maneno. Ingia GeoReM, hazina ya mtandaoni iliyoanzishwa na Taasisi ya Max Planck ya Kemia, kule Mainz, Ujerumani. Ni bure. Unaandika jina la kichupa, inakuletea namba ambazo watafiti mbalimbali wamechapisha juu yake, na kila namba ina makala ilikotoka na njia iliyotumika kupima. Mawe ya volkano yapo, vioo, maji ya mito, mashapo. Watu wengi wanaingia, wanachukua namba moja, wanatoka. Wewe tazama safu ya njia. Usilinganishe namba yako na ya mtu aliyetumia hidrofloriki, tindikali inayoyeyusha hata hizo punje za silika, au aliyepiga eksirei unga mkavu bila kuyeyusha chochote.

Na cheti usikiache. GeoReM inakusanya yaliyochapishwa, mazuri na mabaya. Mwenye dhamana ni aliyetoa kichupa.

Dada_Mkoko: Samahani kuingilia. Binti, sura ya matokeo umeshaandika? Uchafuzi umeupimaje?

Binti_Sigi: Nimegawa risasi kwa alumini, ambayo ni ya udongo wa asili, nikalinganisha na uwiano huohuo kwenye gamba la juu la dunia. Vituo vya upande wa bandarini vimenipa karibu 5, yaani mara tano ya kawaida. Msimamizi amefurahi sana.

Dada_Mkoko: Ndicho nilichokiogopa. Gamba la dunia lina risasi kama 17 na alumini kama asilimia 8, na hizo ni namba za kiasi chote. Alumini yako ni robo tu. Hebu piga hesabu hiyohiyo kwenye kichupa chenyewe. Kwa namba za maabara utapata 4.4. Kwa namba za cheti, 1.2. Kichupa kimoja, tope lilelile la Kanada! Huo uchafuzi wa bandari yetu umetengenezwa na tindikali, mdogo wangu.

Binti_Sigi: Nimepiga. Nimekaa chini. Je, nikizidisha alumini zangu zote mara nne?

Mzee_wa_Miamba: Hapana, hapana. Mchanga wa mdomo wa Sigi umeshuka kutoka Usambara, na tope la Kanada lina historia yake. Hayayeyuki kwa kiwango kimoja. Chagua vituo sita vinavyotofautiana, vipimwe upya kwa eksirei au kwa hidrofloriki. Na hidrofloriki wafanye wenye vifaa vyake, inakula glasi na inapenya ngozi hadi kwenye mfupa. Maabara isiyo na jeli ya kalsiamu glukoneti mezani, ile dawa ya kupaka ikikugusa, chukua mifuko yako uondoke.

Nyundo_Kali: Nafuta kauli yangu ya juu.

Binti_Sigi: Asanteni mno. Nimewapigia, eti hidrofloriki hawaigusi. Eksirei nimeahidiwa Dar wiki ijayo. Nimefunga mifuko sita, gramu 20 kila mmoja. Kuna anayejua basi linalopokea kifurushi cha udongo bila maswali? Safari iliyopita kondakta alikishika kwa ncha za vidole, akaniuliza mganga ni wa Pongwe au wa Muheza.