Kila siku inafanana na jana: mtu wa dukani aanzie wapi?

Vipuri_Kisenyi
Salaam aleikum wana jukwaa. Nauza vipuri vya pikipiki hapa Kisenyi, Kampala. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa mbili usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Biashara inakwenda, kodi inalipika, nyumbani kuna amani. Lakini siku zote zina ladha moja. Mteja akiondoka natoa simu, akija mwingine naiweka, na jioni sikumbuki nimefanya nini. Jumapili ndiyo mbaya zaidi. Mawaidha nayapata msikitini na nayaheshimu. Hapa naomba hatua. Nianze na nini, kwa muda gani, na nitajuaje kwamba inasaidia?

Mshauri_Arua
Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kwanza pima kama huku ni kuboeka au ni sonona (ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu), maana watu wengi huruka hapo. Anayeboeka anatamani kushughulika ila haoni cha kumshika. Mwenye sonona, hamu yenyewe imezimika. Hata chakula alichokipenda hakimwiti tena. Madaktari huanza na maswali mawili kuhusu wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi umekosa hamu au raha katika kufanya mambo, na ni mara ngapi umekuwa na huzuni au kukata tamaa. Hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumlisha majibu yote mawili. Ukipata 3 au zaidi, nenda ukapimwe kwa undani. Alama hiyo peke yake haisemi kwamba u mgonjwa. Kampala kuna hospitali ya afya ya akili ya Butabika, na hospitali za rufaa za mikoa kama Arua, Gulu, Mbale na Mbarara zina vitengo vya afya ya akili. Omba na damu ipimwe, kwa sababu upungufu wa damu, au tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, humlegeza mtu akadhani shida iko moyoni. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, achana na hesabu hizi, nenda siku hiyo hiyo na umchukue mtu wa kukusindikiza.

Ukiona si sonona, nunua daftari dogo. Piga mistari upate safu nne: saa, nilichofanya, raha (0 hadi 10), thamani (0 hadi 10). Usichanganye raha na thamani. Kupiga soga na jirani kunaweza kupata raha 7 na thamani 3, na kufunga hesabu za wiki kukapata raha 2 na thamani 8. Andika siku saba mfululizo, Jumapili ikiwemo. Kinachoharibu zoezi hili ni kulijaza usiku kwa kukumbuka: uchovu wa kufunga duka unaipaka siku nzima rangi moja, kila kitu kinapata 2. Andika saa nne, saa saba, saa kumi na wakati wa kufunga. Mistari miwili mitatu inatosha.

Wiki ya pili usipindue maisha. Chagua mambo mawili yaliyopata 5 au zaidi upande wowote, uyape siku, saa na mahali: "Jumanne saa kumi na nusu, benchi la nje, dakika 15." Ukiandika "nitajitahidi kusoma zaidi" hujaandika kitu. Wala usisubiri hamu ije; katika njia hii kitendo hutangulia na hamu hufuata, na dakika za mwanzo ndizo nzito. Kabla ya kuanza andika raha unayoitarajia, ukimaliza andika uliyoipata. Hapo ndipo utajua kama inasaidia. Aliyeboeka hutabiri 2 akapata 5, na akishaliona hilo mara kadhaa kwa mwandiko wake mwenyewe, utabiri unapungua nguvu.

Fundi_Jinja
Mshauri amesema kweli, ila daftari halitafua dafu kama simu inabaki mkononi. Watu huitoa ili wasiboeke, kumbe ile kurukaruka kutoka video moja hadi nyingine inawaboesha zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha jambo hili mwaka 2024: waliokaa na video moja waliboeka kidogo kuliko walioruhusiwa kurukaruka, ingawa wenyewe walidhani kurukaruka kungewafurahisha.

Simu ya muuzaji haizimiki, naelewa, kuna wateja na kuna pesa za simu. Zima taarifa za programu zote, uache miito na meseji tu. Programu za video zitoe kabisa, kuzificha hakusaidii, kidole kinazijua njia. Kisha simu ikae kwenye droo, mlio juu, kwanza kwa saa mbili tu za mchana wateja wanapopungua. Siku za mwanzo mkono utakwenda kwenye droo wenyewe, na utaona kuboeka kumezidi. Hapo ndipo wengi huacha wakisema njia haifai. Vumilia. Akili ya mtu haipendi kuachwa tupu: katika jaribio la Chuo Kikuu cha Virginia lililotoka 2014, watu waliachwa chumbani dakika 15 na mawazo yao tu, na 18 kati ya 42 walijipiga shoti ndogo ya umeme badala ya kukaa bure. Kwa hiyo ukiondoa simu bila kuweka kitu juu ya kaunta, utairudia tu.

Vipuri_Kisenyi
Shukrani sana. Hicho cha kuweka juu ya kaunta ndicho sikioni. Kazi yenyewe ni kupokea pesa na kutoa kifaa. Na Jumapili je?

Mzee_wa_Omweso
Kijana wangu, kazi inachosha inapokuwa rahisi kuliko uwezo wako, kama inavyochosha inapokuwa ngumu mno. Yako imekuwa nyepesi, basi iongezee ugumu kidogo, kila wiki jambo moja. Nikupe mfano wa duka lako hilo hilo.

Mwenye boda akija kununua plagi mpya (kile kifaa kinachotoa cheche ndani ya injini), mwombe ile kuukuu uitazame kabla hajaitupa. Igeuze kwenye mwanga uangalie ncha. Ikiwa ya kahawia hafifu, injini inachoma vizuri, plagi imezeeka tu. Ikiwa na masizi makavu meusi, petroli imezidi hewa. Mwulize lini alisafisha chujio la hewa, na kama choki haifungi sawasawa. Ikiwa nyeusi yenye unyevu wa oili, oili inapita kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na plagi mpya italoa vile vile baada ya muda mfupi. Ikiwa nyeupe yenye malengelenge, injini inachemka kupita kiasi, pengine hewa imezidi petroli au plagi si ya joto linalofaa. Weka kibati chenye plagi kuukuu za kila aina, kila moja na karatasi yake: pikipiki gani, ilikutwaje, ulimwambia nini mteja. Akirudi, mwulize ikawaje, uandike. Usijifanye fundi pale usipojua. Mpeleke kwa fundi, kisha umwulize fundi alikuta nini.

Hapo kuuza plagi kunageuka kumsaidia mtu asipoteze siku ya kazi barabarani. Thamani ya namna hiyo ndiyo inayokaa, kwa sababu kuna uso wa mtu upande wa pili.

Kwa saa tulivu tafuta mwenzako wa omweso, yaani mchezo wetu wa bao. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, kila mchezaji 32. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazichota zote unaendelea kupanda, kwa hiyo lazima uhesabu mbele kabla ya kugusa. Cheza na anayekuzidi kidogo. Ukimfunga kila siku utaboeka, akikufunga kila siku utaacha.

Dada_wa_Chama_Busia
Kuhusu Jumapili: kaka, Jumapili yako haina mtu anayekusubiri. Tafuta wajibu ambao usipofika watu wataulizana uko wapi. Munno mukabi (kundi la kusaidiana kwenye shida) ya mtaani kwako, timu ya watoto, au chama cha akiba. Cha akiba kina kazi za kutosha: wanachama 15 hadi 25 hivi, mkutano kila wiki, hisa moja hadi tano kwa kila mkutano, na sanduku la kufuli tatu ambazo funguo zake wanashika watu watatu tofauti, sanduku likae kwa wa nne. Omba kazi ya kuhesabu pesa au kutunza kumbukumbu. Ukiwa wa kuhudhuria tu utaboeka na huko pia.

Kundi lina nguvu kuliko tunavyodhani. Masaka na Rakai yalifanyika majaribio katika vijiji 30, yakachapishwa 2003: watu wenye sonona walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa wiki mbili. Walipata nafuu kubwa kuliko ambao hawakuwa katika makundi. Kuboeka si sonona, nimesoma aliyoandika Mshauri, lakini mtu ni yule yule.

Anza na kundi moja tu. Anayejiandikisha matatu kwa mpigo huacha yote mwezi wa pili.

Boda_Ntinda
Mimi naona auze duka atafute kazi nyingine. Maisha ni mafupi.

Mshauri_Arua
Ndugu Boda, huenda ikafika huko, ila isiwe hatua ya kwanza. Upya wa kazi huzoeleka haraka, na aliyehama na tabia ya simu kila mteja akiondoka atafika nayo huko. Vipuri, jipe wiki nane: moja ya daftari, kisha mambo mawili kila wiki, droo, na wajibu mmoja wa Jumapili. Wiki ya nane andika tena siku saba kamili kama mwanzo, uyaweke madaftari mawili pamoja. Thamani ya saa za dukani ikiwa imepanda hata pointi mbili, endelea. Ikiwa bado chini ya 3 wakati Jumapili imepanda, basi kazi ndiyo yenye shida, na utaanza kutafuta nyingine ukijua unatafuta nini, duka likiwa bado wazi. Zote mbili zikibaki chini, rudia yale maswali mawili ya mwanzo, kisha uende hospitali.